Tone la Mchana

Mwembesongo, Morogoro
9 Februari 2025

Mama Zuhura, mke wangu,

Huu mwandiko ni wangu. Usimdhanie Riziki, dada yangu hakugusa kalamu. Mistari inapanda na kushuka kama njia ya kwenda kwa mama yako, na herufi ni kubwa kama za darasa la kwanza, lakini nimeziandika mimi na nimezisoma mimi. Miaka tisa sijaandika barua. Nilipomaliza kuandika jina lako hapo juu niliweka kalamu chini nikalia, kisha nikaogopa kwamba kulia kutaharibu jicho, nikanyamaza upesi.

Utasema kwa nini nisipige simu. Simu yako inashika mtandao pale kwenye jiwe la shule tu, na pale jiweni wanaosikiliza ni wengi kuliko wanaopiga. Mambo yangu na yako siyataki jiweni.

Daktari anaitwa Dokta Pendo, mama mmoja mkali anayeongea na mimi kama mimi ndiye mwanafunzi na yeye ndiye aliyestaafu ualimu. Amesema kioo kimeshika vizuri. Kioo ndicho kile kijingozi chembamba cha mbele ya jicho. Changu kiliota kovu, wakakitoa kule Dar, wakanishonea cha marehemu mmoja ambaye hata nchi yake siijui. Namwombea dua kila swala. Jicho la kushoto lilishakufa zamani, kwa hiyo hili ndilo nililobaki nalo, na kazi yangu sasa ni kulitunza kwa dawa za matone. Ziko mbili. Moja ni nyeupe kama maziwa, lazima uitikise kwanza, na hiyo ndiyo inayouambia mwili wangu usimfukuze mgeni. Ya pili ni ya kulainisha tu, duka la dawa wanaiita machozi ya bandia. Nimefika umri wa kununua machozi dukani, na mke ninaye wa kuniliza bure.

Ile nyeupe ina ubaya mmoja. Unaitia jichoni, na baada ya muda kidogo unaisikia kooni, chungu kama shubiri. Sikuwa najua kwamba jicho na koo ni majirani.

Asubuhi nikitoka uani nauona mlima wote, mpaka ukungu unavyopanda. Najua nyuma ya ule mgongo upo wewe, na hapo ndipo ninapoumia. Nimeuona uso wa Riziki, amenenepa. Nimeuona wa Dokta. Nimeuona hata wangu, sikuupenda. Wako bado. Ninaokumbuka ni wa miaka tisa iliyopita, mweusi wa kung'aa, kama umepakwa mafuta hata siku ambayo hukupaka.

Njoo, Semeni. Frank analeta ndizi mjini kila Ijumaa na anarudi Jumapili, panda lori lake. Mimi siwezi kupanda huko: daktari amekataza moshi wa kuni na vumbi, na kliniki ni kila baada ya wiki mbili.

Mumeo,
Abuu

*

Kinole, mlimani
13 Februari 2025

Baba Zuhura, shikamoo.

Barua niliipata kwa Frank. Niliisomea shambani, nikajifanya nabandua magome ya mdalasini ili mtu asiniulize naangalia nini. Mwandiko ni wako kweli, hata yale makeke ya kuikunja ile herufi ya mwisho ya jina lako umeyarudia. Nimefurahi mpaka nikaketi chini. Nimemwambia mama, naye amesema alijua tangu mwanzo, kama kawaida yake.

Kuja nakuja, mume wangu, ila si sasa. Mama mguu umemvimba, hawezi kuachwa peke yake. Mdalasini umeanza kubanduka vizuri, nikiuacha sasa utanisubiri mpaka mwakani. Na barabara imeharibika, Frank mwenyewe analalamika. Tuseme Idi. Idi haiko mbali.

Uso wangu unaujua, ni ule ule. Wewe tia dawa na uvumilie uchungu. Ulivumilia upishi wangu wa mwaka wa kwanza, hutashindwa na tone.

Mkeo,
Semeni

*

Kinole, mlimani
13 Februari 2025

Wifi yangu Riziki,

Hii ni yako peke yako. Zamani ningesema usimsomee kaka yako. Sasa anasoma mwenyewe, kwa hiyo ifiche.

Nimemwandikia kwamba barabara imeharibika. Barabara ni nzima, Frank anapita kama kawaida. Mguu wa mama ulipona kabla ya mwaka mpya. Wewe uliniona kwenye msiba ule wa Mkuyuni, unajua sababu yangu. Mbalanga imezidi. Ilianza kwenye pembe za mdomo, mwaka wa pili baada ya yeye kuacha kuona, sasa imezunguka mdomo wote na imepanda shavuni, na kuzunguka macho kumebaki viraka. Nusu ya uso wangu haina rangi tena. Hospitali ya wilaya walisema si ugonjwa wa kuambukiza wala hauumi, na kweli hauumi.

Kaka yako hajui. Ngozi ni laini vile vile, mkono wake ulipita juu yake kila siku na haukujua kitu. Watu wa huku wamenisitiri, hakuna aliyemwambia. Kwake mimi bado ni yule mweusi wa kung'aa. Ameniandikia hivyo hivyo, kwa mkono wake, na maneno yale yamenikata maini.

Nilimwombea apate macho, wifi. Niliomba kweli kweli, hakuna sijda ambayo sikumtaja. Sasa ameyapata, naogopa. Nilizoea kuwa mke wa mtu asiyeniona. Nampenda mno kusimama mbele yake nikaangalia anavyojikaza asionyeshe.

Akikuuliza, mwambie barabara mbaya.

Wifi yako,
Semeni

*

Mwembesongo
23 Februari 2025

Wifi Semeni,

Nimenyamaza, ila kwa shingo upande. Mimi si mzuri wa kuficha, na kaka ni mwalimu, anakutazama tu unaanza kuungama.

Jana Ijumaa ya juzi, samahani nachanganya, Ijumaa zote mbili, alivaa kanzu akakaa barazani tangu asubuhi kusubiri lori la Frank. Lori likafika, zikashuka ndizi. Alimsaidia Frank kuhesabu mikungu ili asionekane alikuwa anasubiri kitu kingine.

Wifi, uso ni wako, siwezi kukuamulia. Lakini fikiria na upande wake. Mfungo ukianza mimi nitakuwa gengeni tangu alfajiri mpaka magharibi, kwa sababu ndio wakati watu wananunua. Atashinda peke yake, na dawa atajitia mwenyewe. Anasema anaweza.

Riziki

*

Mwembesongo
9 Machi 2025

Mama Zuhura,

Ramadhani njema, na mpe mama salamu zangu za mfungo. Riziki anatufuturisha vizuri: magimbi, uji wa pilipili manga, na maneno mengi.

Nikwambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilipolazwa kwenye kile kitanda cha Dar, kabla hawajanichoma sindano ya ganzi, niliweka nadhiri. Nilisema Mungu akinirudishia nuru, Ramadhani ya kwanza nitaifunga yote bila kuacha hata siku moja, na bila doa. Nuru nimepata. Sasa nalipa. Dokta Pendo alisema naweza kufunga ila nisiache dawa, nikamwitikia.

Afya yangu nzuri. Hata ule uchungu wa kooni niliokusimulia umeisha. Mchana kutwa koo langu ni safi. Jicho linawasha kidogo ikifika jioni, nadhani ni vumbi la barabarani, natia yale machozi ya bandia baada ya kufuturu linatulia.

Sasa mambo yetu. Frank ameshusha ndizi, ameshusha mananasi, juzi ameshusha na mbuzi wa mtu. Wewe hakukushusha. Nimemwuliza kuhusu barabara akanitazama kama hajanielewa, nikaacha. Semeni, nimekaa gizani miaka tisa na sikuwahi kuwa mpweke, kwa sababu sauti yako ilikuwa chumba cha pili. Sasa naona mpaka sisimizi ukutani na sina wa kumwonyesha. Kama kuna jambo nililokosea niambie. Kama kuna jambo lingine, niambie pia.

Mumeo,
Abuu

*

Kinole, mlimani
13 Machi 2025

Baba Zuhura,

Hata shikamoo utaidai baadaye. Barua yako nimeisoma, nikaenda kisimani, nikarudi nikaisoma tena pale kwenye koo.

Uchungu umeishaje? Dawa ni ile ile, koo ni lile lile, na jicho halijahama ujirani. Uliniandikia kwamba kila ukiitia unaisikia kooni. Sasa huisikii mchana. Mimi sikusoma chuo cha ualimu, lakini nimeishi na wewe vya kutosha kujua unapomwitikia mtu na unapokubali. Mchana hutii dawa. Unaogopa ule uchungu utakufunguza.

Nimeshuka leo mpaka kwa Shehe Ezekiel, yule wanayemcheka kwa jina lake la kabla ya kusilimu. Nimemweleza yote. Amesema jicho si mdomo, tone la jicho halimfunguzi mtu hata akilisikia kooni. Na amesema moyo wako ukikataa kutulia, mgonjwa ana ruhusa yake ya kula na kulipa siku nyingine, ruhusa hiyo hakuitoa shehe wala daktari. Kisha akaniuliza ni nadhiri gani hiyo ya kumshukuru mtu kwa zawadi huku unaivunja zawadi yenyewe.

Mvua imeanza usiku wa juzi na haijapumzika. Frank anashuka kesho, barua itakuwa kwako jioni. Ukifika hapa weka karatasi chini, nawa mikono, utie. Mengine tutagombana baadaye.

Semeni

*

Mwembesongo
18 Machi 2025

Wifi,

Barua yako kwa kaka imefika leo asubuhi. Lori lilikwama kwenye matope tangu Ijumaa, Frank amelala humo siku zote hizo. Ile barabara uliyoisingizia imekuwa mbaya kweli.

Juzi jioni nilirudi na vitu vya futari nikamkuta amekaa chumbani, dirisha limefungwa, ameweka kitambaa usoni. Nilisimama mlangoni akauliza nani. Mimi niko mbele yake, wifi, na taa inawaka. Jicho lilikuwa jekundu kama pilipili na mwanga unamchoma. Aliniomba nisikwambie. Jana nikafunga genge nikampeleka kliniki.

Dokta Pendo aliangalia kwa muda mrefu. Akasema mwili umeanza kukikataa kioo. Akamwuliza dawa anatiaje, na kaka akasema ukweli wote, mchana hakutia tone tangu mfungo uanze. Nilitegemea Dokta atafoka. Hakufoka, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alimshika kidole akakiweka kwenye pembe ya jicho, hapa karibu na pua, akamwonyesha: ukishatia dawa unafumba jicho na kubonyeza hapo kwa muda, haishuki kooni, inabaki inapotakiwa. Basi. Kidole tu. Kaka akauliza, "Mbona hukuniambia?" Naye akamjibu, "Mbona hukuniuliza?"

Sasa ile nyeupe atiwe kila saa, mchana wote, na usiku aamshwe. Wiki mbili hizi ndizo zitakazoamua. Kioo kinaweza kusafika au kikafa kabisa, na kikifa Dokta hajui kama atapata kingine. Mwenyewe hawezi kujitia, tone linaangukia shavuni. Hivi sasa anaona mwanga na kivuli tu. Kufunga ameacha, analia kwamba amevunja nadhiri. Genge nikilifunga wiki mbili sisi wote hatuli.

Yale mengine, unayajua.

Riziki

*

Kinole, mlimani
19 Machi 2025

Riziki, hii nampa mwalimu Elia aliyeniletea yako jana, anashuka tena kesho kwa pikipiki. Msomee kaka yako yote. Usiruke popote, hata pale utakapotaka kuruka.

Mume wangu,

Nakuja. Ijumaa napanda na Frank, na kama lori litakwama nitatembea. Mama atakaa na jirani. Mguu wake ni mzima, ulikuwa mzima tangu mwanzo, na mdalasini ungeweza kusubiri. Nilikudanganya. Huko nyuma yote niliyoandika kuhusu kutokuja yalikuwa uongo.

Nilipoisoma barua ya Riziki, pale anaposema unaona kivuli tu, moyo wangu kabla ya kulia ulipumua. Ulisema, basi hatauona. Kisha ndipo nikalia. Nimekaa na aibu hiyo tangu jana, na sitaki kuja nayo kwako nikiwa nimeificha ndani ya nguo.

Uso wangu si ule ule. Nina mbalanga, Abuu. Ngozi imepoteza rangi kuzunguka mdomo mzima na shavu lote la kulia, na viraka kwenye macho, na inaendelea. Ni miaka saba sasa. Watoto wa shule walikuwa wakinikodolea macho, siku hizi wamezoea. Hukuijua kwa mkono kwa sababu mkono haujui rangi. Mimi niliijua kila siku, na kila uliponisifu niliitikia asante.

Sasa ni mimi nitakayekutia dawa. Kila tone nitakalokutia litanisogeza kwenye siku utakayouona uso huu, na najua hivyo. Nitatia. Sitapunguza hata moja. Kama ni kuniona, bora unione ukakunja uso wako kuliko usione kitu tena maishani.

Usinijibu. Fungua mlango tu.

Semeni

*

Mwembesongo
27 Aprili 2025

Mke wangu Semeni,

Ni wiki tangu urudi kwa mama, na mwandiko umerudi. Dokta Pendo anasema kioo kimetulia. Pembeni kimebaki na ukungu kidogo ambao hautatoka, na dawa nitaendelea nayo mwaka huu wote, pengine na mwingine. Siku nilizoziacha za mfungo nimeanza kuzilipa, na mchana natia kama kawaida, kidole kwenye pembe ya jicho. Shehe wako mwambie ahsante, na mwambie swali lake limenikaa.

Siku ya kuondoka uliniuliza naonaje, nikakwambia bado ni vivuli. Nilikudanganya. Sasa tuko sawasawa, hakuna wa kumwinulia mwenzake kidole.

Ulipofika ile Ijumaa umelowa na matope mpaka magotini, kweli nilikuwa naona kivuli tu. Ulinilaza, ukaniambia tazama juu, ukatia. Kila saa, tazama juu. Mchana, usiku, Idi ikaja ikapita, tazama juu. Nami nilikuwa natazama, nakuta giza lenye umbo la kichwa chako. Hatukuzungumza habari ya barua yako. Mwanzoni sikujua niseme nini, na baadaye niliona hujataka kuulizwa.

Halafu, siku chache baada ya Idi, asubuhi moja kile kivuli kikaota kingo. Kesho yake kikaota mdomo. Siku ya tatu uliniinamia na kichupa mkononi, ulimi umeutoa kidogo pembeni kama unavyofanya ukitunga uzi kwenye sindano, na nikakuona wote. Uso wako ulikuwa juu ya wangu, karibu kuliko mtu yeyote anavyoweza kumtazama mwenzake. Niliuona weupe kuanzia mdomoni mpaka shavuni, na ile rangi yako ya zamani iliyobaki, kwenye paji na kwenye shavu la kushoto, bado inang'aa. Nilistuka, sitasema uongo tena. Nilistuka kidogo, kisha tone likaanguka, nikafumba, nikabonyeza, na nilipofumbua ulikuwa bado upo, nikaona ni wewe. Nimekuzeekea, nawe umenizeekea, na katikati yetu kuna hiyo ramani.

Sikusema. Nilijua nikisema naona, utavuta kanga, utanitia dawa uso ukiwa umeugeuzia dirishani. Ulipodhani sioni uliiacha ianguke mabegani, ukawa unanitazama bila kujificha, na ulikuwa unanitazama vizuri mno, Semeni. Sikuwa najua kama unanitazamaga hivyo. Miaka tisa ulinitazama hivyo na mimi sikuona. Kwa hiyo niliiba. Siku zote zile zilizobaki, kila saa, niliiba uso wako nikajifanya kipofu.

Sasa najitia mwenyewe. Nalala chali, natikisa chupa, natazama juu. Naona bati la Riziki na buibui.

Rudi.

Mumeo,
Abuu